Silinda Moja Inayofika: Rekodi za Ukoo wa Yamaha XT

XT500 ya kwanza niliyoiona kwa macho ilikuwa imeegeshwa kwenye kituo cha mafuta nje kidogo ya Mbeya, na masanduku mawili ya bati yakining'inia huku na huku. Mwenyewe alikuwa Mjerumani mzee aliyekuwa akielekea kusini. Vijana wa bodaboda walikuwa wameshamzunguka, na mmoja wao akaomba aipige kiki. Mzee akatikisa kichwa na kuonya kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba mashine hiyo huvunja miguu. Kijana akacheka. Yeye hupiga kiki tangu alfajiri mpaka usiku, aogope ya mgeni? Akapanda, akakanyaga kwa uzito wake wote. Kiki ikashuka nusu ya njia, ikarudi juu kwa nguvu na kumpiga chini ya goti. Akaruka pembeni kwa mguu mmoja huku wenzake wakiangua kicheko.

Mzee hakucheka. Alimwita asogee, akavuta kijiwenzo kidogo upande wa kushoto wa usukani, akaanza kuishusha kiki taratibu huku akichungulia kidirisha cha kioo kwenye kichwa cha injini, upande wa kulia, kisichozidi sana kifungo cha koti. Alama ya rangi ya fedha ikatokeza pale kiooni. Akaachia kijiwenzo, akairudisha kiki juu, kisha akakanyaga mara moja bila kugusa mafuta. Tuf, tuf, tuf. Mlio wenyewe ulikuwa mzito na wa taratibu, kama mtu anayetwanga mahindi bila haraka.

"Shikamoo babu," kijana akasema. Mpaka leo sijui alikuwa anamwamkia mzee au pikipiki.

Nimeanza na kidirisha hicho kwa sababu ndani yake kuna tabia nzima ya ukoo huu. Injini ya silinda moja yenye cc 500 ina pistoni moja kubwa inayobana hewa nyingi kwa wakati mmoja. Ukiikanyagia kiki pistoni ikiwa bado inapanda, mlipuko hutokea kabla ya wakati wake na nguvu yote humrudia anayekanyaga. Kijiwenzo hufungua valvu ya moshi ili hewa itoke, na kidirisha huonyesha pistoni imeshapita kileleni. Yamaha wangeweza kuweka stata ya umeme. Waliweka kioo, wakamwachia mwenye pikipiki kazi ya kuangalia. Ukoo huu haukuwahi kushika rekodi ya mwendo kasi, na wala haukuitafuta. Rekodi zake karibu zote ni za kufika, za kudumu na za kubeba.

Iliyofungua njia

XT500 ilionyeshwa kwa wauzaji wa Marekani mwaka 1975 na ikaingia madukani kama toleo la 1976. Wakati huo Yamaha ilisifika zaidi kwa injini za mapigo mawili, zile zinazolia kwa sauti nyembamba, zinazokunywa oili pamoja na petroli na kuacha wingu la moshi nyuma. DT-1 yao ya 1968 ilikuwa imeuzwa kwa wingi mno na kuwafundisha Wamarekani kwamba pikipiki moja inaweza kwenda kazini Jumatatu na porini Jumamosi. Lakini wapanda pikipiki wa majangwa ya California walikuwa bado wanazililia zile silinda moja kubwa za Waingereza, BSA na Matchless, zenye mapigo manne na nguvu inayoanzia chini. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vinakata roho. Soko lilikuwa limebaki wazi, na Wajapani wakaingia.

Walichotengeneza kilikuwa rahisi kwa makusudi. Cc 499, kipenyo cha pistoni milimita 87, mwendo wake milimita 84, valvu 2, kabureta moja, ubaridi wa upepo na nguvu za farasi 32. Oili haikuwekwa kwenye bakuli kubwa chini ya injini ambako jiwe lingeweza kulitoboa. Ilihifadhiwa ndani ya bomba nene la fremu, yaani fremu yenyewe ndiyo tanki la oili. Kwa hiyo injini ikakaa juu zaidi ya ardhi. Umeme ulikuwa wa volti 6, na usiku taa yake ya mbele ilimulika kama koroboi. Hilo hakuna anayelitetea, hata wanaoipenda.

Haikuwa silinda moja ya kwanza ya Kijapani ya aina hii. Honda walishatangulia mwaka 1972 na XL250, iliyokuwa na valvu 4 kwenye silinda moja wakati pikipiki nyingi za kununuliwa dukani zilikuwa na 2. Kwa ufundi, Honda walikuwa mbele. Kwa kishindo, XT500 ikawapita, kwa kuwa ukubwa ulikuwa mara mbili na dunia ilikuwa inausubiri.

Rekodi yake ya kwanza ilikuja mahali pasipotarajiwa. Mabingwa wawili wa zamani wa motocross kutoka Sweden, Torsten Hallman na Sten Lundin, waliichukua injini hiyo wakaijengea fremu nyepesi na kuiita HL500. Mwaka 1977 Bengt Åberg aliipanda kwenye mashindano ya dunia ya cc 500, wakati karibu kila mshindani alikuwa na injini ya mapigo mawili, na huko Luxembourg akashinda mbio mojawapo. Mapigo manne yalikuwa yameshahesabiwa kuwa mambo ya makumbusho kwenye motocross. Ilichukua miaka ishirini mpaka Yamaha hao hao walipoleta YZ400F na kubadili mchezo mzima, lakini Åberg alikuwa ameshaonyesha kwamba inawezekana.

Ya kwanza Dakar

Mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine alipotea kwenye jangwa la Libya akiwa katika mashindano ya Abidjan–Nice. Alikuwa juu ya XT500. Aliokolewa akiwa amebakiza kidogo kufa kwa kiu, akarudi Ufaransa, na badala ya kuapa kutorudi mchangani kamwe, akaanza kupanga namna ya kuwapeleka wengine. Tarehe 26 Desemba 1978 magari na pikipiki 182 ziliondoka uwanja wa Trocadéro jijini Paris kuelekea Dakar, umbali wa kilomita 10,000 hivi, kupitia Algeria, Niger na Mali.

Kinachosahaulika leo ni kwamba mwaka ule wa kwanza hapakuwa na orodha ya pikipiki na orodha ya magari. Wote walipimwa kwa orodha moja. Land Rover, Range Rover, malori, pikipiki za cc 250, kila aliyeweza kufika alihesabiwa na wenzake wote. Patrick Schaal wa Yamaha aliongoza mwanzoni, kisha akaanguka na kuvunjika kidole kidogo cha mkono. Kidole kidogo tu, lakini jaribu kushika klachi kwenye mawe ya Sahara kwa mkono uliovimba. Uongozi ukamwendea Cyril Neveu, kijana wa miaka 22, naye akiwa na XT500. Hakuwa na timu kubwa nyuma yake wala jina. Alikuwa na pikipiki isiyokufa.

Magari na pikipiki 74 tu ndizo zilizofika Dakar Januari 1979. Neveu wa kwanza, Gilles Comte wa pili, naye pia juu ya XT500. Wa tatu alikuwa na Honda XL250S, yaani silinda moja tena, na ndogo zaidi. Range Rover ya kwanza ilishika nafasi ya nne. Fikiria hilo vizuri: pikipiki tatu za silinda moja zililishinda kila gari lililoanza safari. Tangu mwaka uliofuata pikipiki zikatengewa orodha yao, kwa hiyo rekodi hiyo haitavunjwa na mtu, hata ajitahidi vipi. Ni rekodi iliyofungiwa kabatini na ufunguo ukatupwa.

Mwaka 1980 Neveu alishinda tena, na XT500 zikazoa nafasi nne za juu. Baadaye alihamia Honda, akashinda mara 3 nyingine, mwaka 1982 akiwa na silinda moja na 1986 na 1987 akiwa na silinda mbili, akafikisha 5.

Ni nini hasa kilichoiwezesha? Wafaransa wengi walioishiriki ile safari ya kwanza walinunua pikipiki zao dukani kama wewe na mimi tunavyonunua, wakaongeza tanki na kufunga galoni za maji. Plagi moja, kabureta moja, nyaya za kuhesabika. Kikiharibika kitu, mtu aliyechoka, gizani, mwenye mchanga machoni, angeweza kukipata kwa kupapasa. Mashine ya kasi ingemaliza hatua ya siku saa mbili mapema na kulala njiani kesho yake. Sioni sababu nyingine kubwa kuliko hiyo.

Tanki na mti

Aliyeiona faida ya ushindi ule mapema alikuwa Jean-Claude Olivier, mkuu wa biashara ya Yamaha nchini Ufaransa. Alitaka Japani imtengenezee pikipiki ya dukani yenye sura ya zile za Dakar. Ikaonyeshwa Paris mwaka 1982 na kuanza kuuzwa 1983: XT600Z, jina lake la nyumbani Ténéré.

Ténéré ni neno la Watuareg, maana yake jangwa. Ni sehemu ya Sahara iliyoko zaidi Niger, na yenyewe inastahili nafasi katika orodha ya namna hii. Hapo ulisimama mti uliojulikana kuwa mpweke kuliko yote duniani, mgunga mmoja usio na mwenzake kwa mamia ya kilomita. Kisima kilipochimbwa karibu nao, mizizi ilikutwa imeshuka zaidi ya mita 30 kufuata maji. Misafara ya ngamia iliutumia kama alama ya njia na hakuna aliyethubutu kuukata kuni. Mwaka 1973 lori liliugonga ukaanguka. Jangwa lote lile, pande zote nne tupu mpaka upeo wa macho, na dereva akaupata mti. Mabaki yake yako kwenye makumbusho ya taifa mjini Niamey, na pale ulipokuwa umesimama pamewekwa mti wa chuma.

Pikipiki iliyopewa jina la mahali hapo ilihitaji jambo moja kuliko yote: kubeba mafuta. Tanki la Ténéré ya kwanza lilichukua lita 30, kubwa kuliko la pikipiki yoyote ya dukani katika ukoo wa XT, na karibu mara tatu ya tanki la bodaboda ya kawaida. Likijaa, petroli peke yake ina uzito wa kilo 22 hivi, sawa na kumpakata mtoto wa darasa la kwanza. Lakini ukiendesha kwa adabu ulipita kilomita 500 bila kutafuta kituo. Injini ilikuwa imekua hadi cc 595, valvu 4 na kabureta 2 zinazofanya kazi kwa zamu: ya kwanza peke yake ukienda pole, ya pili ikimsaidia mwenzake ukifungua mafuta. Breki ya mbele ikawa ya diski na mkono wa nyuma ukawa wa alumini. Kiki ilibaki, safari hii ikiwa na kifaa cha kutoa hewa chenyewe, kwa hiyo kidirisha kikaondoka. Betri kubwa na stata zingeongeza uzito.

Ilinunuliwa kwa fujo, hasa Ufaransa. Na hapa niseme ukweli usiowapendeza mashabiki: wengi walioinunua hawakuwahi kuona mchanga zaidi ya ule wa ufukweni wakati wa likizo. Waliijaza lita 30 ili kwenda ofisini. Sioni kosa. Watu wangapi wana Land Cruiser Masaki na hawajawahi kuzamisha tairi kwenye tope?

Olivier mwenyewe hakuwa bosi wa kukaa na kalamu. Mwaka 1985 aliipanda Ténéré ya mashindano mpaka Dakar, akamaliza wa pili nyuma ya Gaston Rahier wa BMW. Kama kuna mkurugenzi mwingine wa kampuni aliyewahi kushika nafasi ya pili kwenye mashindano magumu kuliko yote akiwa amekalia bidhaa anayoiuza, sijamsikia. Sabine hakuuona muda mrefu ukuaji wa mtoto wake. Januari 1986 helikopta yake ilianguka Mali katikati ya mashindano, na majivu yake yakamwagwa Ténéré.

Ukoo unanenepa

Yaliyofuata nitayapita haraka, maana ni hadithi ya kila ukoo unaofanikiwa. Mwaka 1986 ikaja stata ya umeme na tanki likapungua hadi lita 23. Mwaka 1988 taa mbili za mviringo mbele, zilizoigwa kutoka kwenye pikipiki za mashindano, na kwa macho yangu hiyo ndiyo sura nzuri kuliko zote za ukoo. Mwaka 1991 ikaja XTZ660: maji ya kupoza, valvu 5 kwenye silinda moja, nguvu za farasi 48. Valvu 5 ni rekodi ndani ya ukoo, ingawa fundi wa mtaani atakuuliza za nini zote hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaondoka sokoni.

Ilirudi 2008 kama XT660Z, injini ikiwa ya sindano za mafuta, tanki lita 23, uzito zaidi ya kilo 200 ikiwa imejaa. XT500 ilikuwa na kilo 150 hivi. Ilikuwa pikipiki ya safari ndefu iliyokubalika sana, nzito kuiinua ikianguka, tulivu kwenye lami. Kanuni mpya za moshi za Ulaya zilipobana, ikamaliza muda wake 2016. Ténéré 700 inayouzwa tangu 2019 ina silinda mbili. Ni pikipiki nzuri. Jina ni lile lile, damu ni nyingine.

Kwa sababu hiyo kuna rekodi moja ya Yamaha nisiyoiingiza humu. Stéphane Peterhansel alishinda Dakar mara 6 kwa pikipiki, 1991, 1992, 1993, 1995, 1997 na 1998, zote na Yamaha, na hakuna mpanda pikipiki aliyemfikia. Baadaye akashinda mara 8 kwa gari. Lakini pikipiki zake zilikuwa za silinda mbili.

Zilizoishi muda mrefu

Ukiuliza ni nani aliyedumu kuliko wote, jibu haliko kwa wakubwa. Mwaka 1985 Yamaha walitoa XT225 na kuiita Serow, jina la mnyama wa milima ya Japani anayefanana na mbuzi, anayepanda majabali bila haraka. Ilitengenezwa kwa ajili ya vijia vya milimani ambapo mtu huteremsha miguu yote miwili na kusukuma kama anayekokota mkokoteni. Ilikuja kukuzwa hadi cc 250 na ikakoma Japani 2020, baada ya miaka 35. Mwingereza Lois Pryce aliipanda XT225 kutoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Argentina, akaandika kitabu kuihusu safari hiyo. Wenye pikipiki za cc 1,000 na masanduku ya alumini hawapendi kukumbushwa hilo.

Binamu wa barabarani alidumu zaidi. SR400 ilizaliwa 1978 kutokana na injini ya XT500 na ikauzwa Japani mpaka 2021, miaka 43. Iliwekewa sindano za mafuta ili ikidhi kanuni za moshi, lakini stata ya umeme haikuwekwa kamwe. Pikipiki ya karne hii, yenye kompyuta ndani yake, ilikuwa bado inataka mguu wako, na ilibaki na kidirisha kile kile.

Mwingine ni TW200 ya 1987, yenye injini ya cc 196 iliyotoka XT200. Tairi lake la nyuma lina upana wa milimita 180, kama la gari dogo, na halizami mchangani kirahisi. Hadi miaka ya 2020 Wamarekani walikuwa bado wanainunua mpya ikiwa na kabureta. Haina kasi yoyote ya kutaja. Ukiiona mara ya kwanza utacheka, ukiipanda ufukweni utanyamaza.

Ile tunayoijua sisi

Injini hiyo hiyo ya cc 196 ndiyo iliyoleta ukoo huu vijijini kwetu, chini ya jina AG200. Herufi mbili za mwanzo zinatokana na neno la Kiingereza la kilimo, na ilibuniwa kwa wafugaji wa Australia na New Zealand. Mtu wa Afrika Mashariki aliyekulia vijijini anaikumbuka, hata kama hakuijua kwa namba: keria ya chuma mbele na nyuma, vyuma vya kukinga miguu, cheni iliyofunikwa yote ili matope na vumbi visiingie, na stendi mbili za pembeni, moja kila upande. Stendi mbili ni kwa sababu mfugaji husimama popote alipo ng'ombe, na mlima hauchagui upande wa kuinamia.

Ilipofika huku, iliendeshwa na bwana shamba, ofisa mifugo, mchungaji mwenye mitaa saba, na mhudumu wa chanjo mwenye boksi la barafu keriani. Nyingine zilikuwa na namba za DFP za miradi ya wafadhili. Mradi uliisha, wafadhili wakaondoka, namba zikabadilishwa na pikipiki ikabaki. Sanduku la barafu keriani, njia ya mifugo, saa tatu za mawe, na dawa zifike zikiwa bado baridi: hakuna kitabu cha rekodi kinachopima kitu kama hicho, kwa hiyo tuzo ya iliyofanya kazi kuliko zote katika ukoo wa XT naitoa mimi, na naipa AG200. Anayebisha aniletee yake.

Majirani wasioweza kuachwa

Orodha yoyote ya silinda moja kubwa itakuwa na upendeleo ikiwataja Yamaha peke yao. Kubwa kuliko zote ilitoka Suzuki. DR750S Big ya 1988 ilikuwa na cc 727, na mwaka 1990 ikakuzwa kuwa DR800S yenye cc 779. Kipenyo cha pistoni yake ni milimita 105, upana wa sosa ndogo ya chai, ikipanda na kushuka milimita 90 katikati ya miguu yako. Walihitaji plagi 2 kwenye silinda moja ili moto ufike kote kwa wakati, na vizani viwili vya ndani kuzuia mtikisiko. Hata hivyo ilitikisa. Mbele ilikuwa na mdomo mrefu kama wa bata, uliochekwa siku zile na unaoigwa na kila kiwanda leo.

Honda wana rekodi ya gurudumu. XL500S ya 1979 ilikuja na rimu ya mbele ya inchi 23, kubwa kuliko ile ya inchi 21 iliyozoeleka, kwa hoja kwamba gurudumu kubwa hupita juu ya shimo ambalo dogo lingeingia. Hoja ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni tairi. Mwenye XL500S aliyepasukiwa na tairi mbali na mji angeweza kutafuta la inchi 23 mpaka mvi zimtoke. Baada ya muda Honda wakarudi inchi 21, na wazo zuri likafa kwa kukosa duka.

Kawasaki KLR650 ya 1987 iliuzwa mpaka 2018 na mabadiliko makubwa mara moja tu, mwaka 2008, kisha ikarudi na sindano za mafuta kwa toleo la 2022. Lakini iliyo ya ajabu zaidi haikuuzwa madukani: Kikosi cha Wanamaji (Marines) cha Marekani kilitengenezewa KLR iliyobadilishwa injini inywe dizeli na mafuta ya ndege, ili jeshi zima litumie pipa moja.

Kisha kuna KTM ya Austria, iliyoichukua Dakar na kuikalia. Fabrizio Meoni alianza 2001 na silinda moja ya cc 660, na KTM hawakushindwa tena mpaka Ricky Brabec wa Honda alipowakatisha 2020, baada ya ushindi 18 mfululizo. Mwaka 2011 ukubwa wa injini uliwekewa kikomo cha cc 450, pungufu hata ya ile XT500 ya Neveu. Mashindano yenyewe yalihama Afrika baada ya yale ya 2008 kufutwa kwa hofu ya usalama Mauritania, yakaenda Amerika Kusini, na tangu 2020 yanafanyika Saudi Arabia, ingawa bado yanaitwa kwa jina la mji wa Senegal.

Mara ya mwisho Dakar kuchukuliwa na pikipiki yenye zaidi ya silinda moja ilikuwa 2002. Kabla ya hapo, ilikuwa 1998.